Mama Anayeokota Kuni



Wapendwa vijana, leo nataka tukae kidogo na mwanamke mmoja ambaye Biblia haikututajia jina lake. Ni yule mjane wa Sarepta, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Habari zake mnazijua. Husomwa Dominika ya 32 ya Mwaka B, pamoja na Injili ya yule mjane mwingine aliyetumbukiza senti zake mbili hekaluni. Na kwa sababu wajane hawa wawili wanasomwa siku moja, mara nyingi mahubiri yanakwenda moja kwa moja kwenye sadaka: toa hata kile kidogo, Mungu atakurudishia. Ni kweli kabisa. Lakini kuna kitu pale mwanzoni huwa tunakiruka.

Eliya anafika kwenye lango la mji, anamkuta huyu mama anaokota kuni. Anamwomba maji ya kunywa. Mama hasemi kitu, anageuka kwenda kuyaleta. Ni pale nabii anapomwita tena na kuomba kipande cha mkate ndipo mama anafunguka: mkate hana, amebakiwa na unga wa kujaa kiganja na mafuta kidogo, na hizo kuni anazookota ni za kupikia chakula cha mwisho, ale yeye na mwanawe, halafu wasubiri kufa.

Hebu fikirieni watu waliopita pale langoni asubuhi ile. Walimwona mwanamke anaokota kuni. Sasa mtu anayeokota kuni si anakwenda kupika? Na anayekwenda kupika si ana chakula? Wamemsalimia, wamepita. Pengine kuna aliyemwonea wivu. Kumbe kuni zenyewe, anasema mwenyewe, zilikuwa kama mbili tu. Aliyeangalia vizuri mkononi mwake angejua, maana hakuna anayepika chakula cha kushiba kwa vijiti viwili. Lakini nani huwa anahesabu kuni za jirani?

Naandika haya nikiwa mkoa wa Njombe. Wengi wenu mnaosoma mkiwa Dar au Mwanza, mkisikia neno njaa akili inakwenda Dodoma, Singida, ardhi iliyopasuka na mifugo iliyokonda. Huku Nyanda za Juu Kusini sisi ni watu wa malori. Ukipita msimu wa mavuno unaona magunia ya mahindi na viazi yamesimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi. Makambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Ukila ugali au chipsi huko mjini, kuna uwezekano mkubwa umetoka huku kwetu au kwa jirani zetu wa Iringa, Ruvuma, Mbeya, Rukwa.

Sasa sikilizeni hii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kitaifa, asilimia 30 walikutwa wamedumaa. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote ni Iringa, karibu asilimia 57. Wa pili ni Njombe, asilimia 50. Wa tatu ni Rukwa, nayo karibu 50. Maghala ya nchi! Katika watoto wawili wa Njombe, mmoja mwili wake unasema hakupata alichopaswa kupata.

Na tusijidanganye kwamba sisi watu wa huku ni wafupi kwa kuzaliwa, utani huo nimeusikia mpaka kwenye harusi. Udumavu si urithi wa kabila. Ni mtoto kukosa chakula cha kutosha na cha mchanganyiko kwa muda mrefu, pamoja na kuugua mara kwa mara, hasa katika zile siku 1000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa mpaka anapotimiza miaka miwili. Hauishii kwenye urefu, unagusa na ubongo. Na siku hizo zikishapita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana.

Wataalamu wa lishe wana kipimo kimoja cha njaa ya kaya chenye maswali matatu tu. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilijiona kama ninatafuta dhambi zangu kabla ya kwenda kuungama. Wanauliza kuhusu muda kama wa mwezi mmoja uliopita: je, ilitokea nyumbani kwenu pasiwe na chakula cha aina yoyote kwa sababu hamkuwa na uwezo wa kukipata? Je, wewe au mtu yeyote wa nyumbani alilala na njaa kwa sababu chakula hakikutosha? Je, kuna aliyeshinda mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote? Ukijibu ndiyo, wanauliza mara ngapi. Ikiwa ni mara moja au mbili inahesabiwa kwamba ni nadra. Mara tatu hadi kumi, ni wakati mwingine. Zaidi ya kumi, ni mara nyingi.

Zaidi ya kumi kwa mwezi. Mimi nikikosa kifungua kinywa siku moja naandika status.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho si rahisi kukiandika. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari la mahudhurio. Kuna mama mmoja, ana watoto wanne, alikuwa haachi jumuiya. Ghafla akaacha. Wiki ya kwanza tukasema labda anaumwa. Wiki ya tatu nikaanza kuweka alama ya kutohudhuria kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimeshika, na watu wakaanza maneno: amehamia kwa walokole, huyo, hataki kupokea jumuiya, zaka yenyewe hajamaliza. Kweli, zamu ya kupokea jumuiya nyumbani kwake ilikuwa imekaribia. Kwetu mwenye nyumba huandaa chai na chochote cha kutafuna, viazi, maandazi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini jaribu kuivunja uone.

Mwanawe wa tatu alikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na siku hiyo nilikuwa namsaidia katekista. Somo lilikuwa sala ya Baba Yetu. Nikauliza watoto, huu mkate wetu tunaouomba ni nini hasa? Wakajibu kwa kelele: ugali! wali! chapati! Yule mtoto akanyoosha mkono, akasema taratibu kabisa, kama anayetaja rangi ya sweta yake: "Sisi wetu ni wa jioni."

Watoto wakacheka. Na mimi nilicheka.

Ilinichukua mpaka usiku, nimelala, kuelewa alichosema. Nyumba ile ilikuwa inakula mara moja kwa siku. Na huyo mama, niliyemwekea alama nyekundu nne mfululizo, alikuwa haji jumuiya kwa sababu zamu inakuja na hana cha kuweka kwenye sufuria mbele yetu. Tulikuwa tumempita langoni na kuni zake mbili mkononi, tena tukamuuliza kuhusu zaka.

Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Naona walisahau kuongeza: hata wakikaa benchi moja.

Mtaniuliza, je, huyo mama hakulima? Alilima. Hapo ndipo tunapotakiwa tuelewe, tusiishie kusikitika. Alikuwa amechukua mbolea kwa mkopo wa kulipa kwa mahindi. Mavuno yakaja mwezi wa sita, wakati kila mtu anavuna na bei iko chini. Akalipa deni kwa magunia, akauza mengine kwa ajili ya sare, madaftari na matibabu. Yaliyobaki yaliingiliwa na dumuzi, maana mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, hakuwa nayo. Kufika mwezi wa kwanza kihenge kitupu, na debe sokoni si la bei ile aliyouzia. Akaanza kwenda vibarua vya kupalilia mashamba ya wengine ili wanawe wapate chakula cha siku hiyo. Sasa angalieni mtego ulivyo: siku anayopalilia shamba la mwenzake, lake linamezwa na majani. Kwa hiyo njaa ya mwezi wa pili inakula na mavuno ya mwezi wa sita ambayo hata hayajakomaa. Mwaka unaofuata anaanza akiwa chini zaidi. Huu si uvivu. Mtu akiniambia tena kwamba maskini ni wavivu nitamwomba aende akapalilie Njombe mwezi wa pili, kwenye ile baridi na mvua, tumbo tupu.

Nabii Amosi aliiona biashara ya aina hii miaka zaidi ya 700 kabla ya Kristo. Soma sura ya 8. Anawakemea wafanyabiashara wanaongoja sikukuu ipite haraka ili wafungue maduka, wanaopunguza kipimo cha nafaka na kuchezea mizani, wakamnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Sisi huku tuna jina la kitu hicho: lumbesa. Mjini kipimo kinapunguzwa anapouziwa mlaji. Shambani kinaongezwa anaponunuliwa mkulima. Gunia linashindiliwa, linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa na mabega, na bado linahesabiwa gunia moja. Serikali imekataza mara nyingi. Na nani wanaoshona hizo lumbesa? Ni vijana. Ni sisi. Wengine tunashona Jumamosi na Jumapili tunaimba kwaya. Amosi angetutambua.

Kuna pia njaa ambayo yale maswali matatu hayawezi kuikamata. Nyumba inaweza kujibu hapana, hapana, hapana, na bado mtoto ana njaa. Ugali upo, tena wa sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kama karatasi, na virutubisho vimebaki mashineni kwa ajili ya nguruwe. Mayai yapo lakini yanauzwa, inanunuliwa soda. Maharage yapo, yanasubiri lori. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja ameachwa na dada yake wa miaka saba, na wote watakula mama akirudi. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo, halijazwi mara mbili kwa siku likatosha. Anahitaji kula kidogo kidogo, mara nyingi. Hapo tatizo ni nani yuko nyumbani, nani anaamua kinachouzwa, na sahani inaanza kupakuliwa kwa nani.

Kaka zangu, hapa nazungumza nanyi. Nyumba nyingi zetu baba anapakuliwa kwanza, na nyama ikiwepo ni yake. Mama anakula mwisho, na mwisho mara nyingi maana yake ni ukoko. Akiwa mjamzito ni hivyo hivyo, na zile siku 1000 zimeshaanza kuhesabiwa tumboni. Halafu kuna ulanzi. Msimu wake ni huu huu wa mvua, wakati vihenge vinakauka, na wapo wanaosema unashibisha. Kuna watoto wadogo wanaonyweshwa ili watulie. Siandiki ili kuaibisha kwetu, nakupenda kwetu. Lakini kijana unayejiandaa kwa ndoa, katika yale mafundisho ya ndoa uliza pia hili: nyumbani kwangu nani atapakuliwa kwanza?

Sasa twende Korintho. Barua ya Kwanza ya Mtakatifu Paulo, sura ya 11. Sisi Wakatoliki tunaijua sana sehemu ya kula mwili wa Bwana bila kustahili, tunaiogopa, na ni vizuri. Kabla ya kupanga foleni ya Komunyo tunajiuliza: nimeungama? nimekosana na nani? Lakini mstari ule haukushuka peke yake kutoka mbinguni. Rudi juu kidogo uone Paulo alikuwa anakasirikia nini. Wakristo wale walikuwa wanakula chakula pamoja na kuadhimisha Karamu ya Bwana. Wenye nacho walianza kula vya kwao bila kungoja wengine, wakashiba, wakalewa. Wasio na kitu walibaki na njaa, wameaibishwa mbele ya ndugu zao. Na Paulo anawaambia wazi kwamba wanachokula pale si Karamu ya Bwana tena. Yaani kutostahili anakozungumzia kunaanzia kwenye njaa ya mtu wa benchi la pili! Mimi nilipokea Komunyo Dominika zote nne za alama nyekundu. Niliungama mambo mengine kipindi hicho. Hili halikunijia hata akilini kwamba ni dhambi.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, katika homilia yake ya 50 juu ya Injili ya Mathayo, anauliza kuna faida gani meza ya Kristo ikijaa vikombe vya dhahabu huku Kristo mwenyewe anakufa njaa. Anashauri umshibishe kwanza mwenye njaa, kitakachobaki upambe nacho altare. Sisemi tusijenge kanisa, paroko asije akanipigia simu. Hata Krisostomo hakukataza mapambo. Alikuwa anazungumzia kipi kitangulie.

Na Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Juni 2013, alisema kutupa chakula ni kama kukiiba kwenye meza ya maskini. Nimekaa kamati za harusi na kipaimara. Najua sahani zinavyorudi jikoni zimejaa wali.

Basi tufanye nini? Mimi nilianza kwa kwenda kuomba msamaha, nikiwa na debe la mahindi ambalo mama yangu ndiye aliyelitoa, siyo mimi. Yule mama alinikaribisha, akaniwekea kiti nje, na cha kwanza alichofanya ni kutaka kunichemshia chai. Nikasema nimeshiba. Akasema, "Mwanangu, mgeni haondoki hivi hivi." Nilikunywa ile chai haina sukari wala majani, maji ya mchaichai, na sijawahi kunywa kitu kizito kama kile. Kumbukeni Eliya hakumwachia mjane msaada akaondoka. Alikaa nyumbani kwake, akala kutoka katika chungu kile kile siku nyingi. Unga haukuisha, lakini na yeye alikuwa anategemea unga ule ule.

Kwenye jumuiya mjadala haukuwa mtamu. Nilipopendekeza tuache kabisa chai ya jumuiya miezi ya kwanza mpaka wa nne, mzee mmoja alisema tunaua ukarimu wa Kiafrika. Nikamjibu, kwa heshima zote, "Shikamoo babu, lakini kuna mtu tulimfukuza kwa ukarimu huo." Kimya kilikuwa kirefu. Mwishoni tulikubaliana mambo mawili. Chai ikaondoka. Na siku ya sadaka ya shukrani ya mazao, kila kaya inayoweza ilete kwa mwenyekiti kisado kimoja cha mahindi na kimoja cha maharage, mbali na kile kinachokwenda parokiani na kupigwa mnada. Vinakaa kwenye mifuko ya kinga njaa mpaka mwezi wa kwanza. Anayehitaji anamwambia mtu mmoja tu, mama mmoja mzee asiye na maneno, na hakuna daftari. Hapo nilisisitiza mimi: hakuna daftari.

Siyo jambo jipya. Matendo ya Mitume sura ya 6: kamati ya kwanza kabisa kuundwa katika Kanisa haikuwa ya ujenzi wala ya jubilei. Ilikuwa ya chakula, kwa sababu wajane wa kundi moja walikuwa wanasahaulika katika mgao wa kila siku na watu wakanung'unika. Mitume hawakusema manung'uniko ni dhambi. Waliwaambia waamini wachague watu saba waliojaa Roho, na hao waliochaguliwa, akiwemo Stefano, wakawawekea mikono. Wawekewe mikono kwa ajili ya kugawa chakula! Vijana wa VIWAWA, wa TYCS, mnaotafuta utume wa kufanya, huo hapo.

Kisado ni kidogo, najua. Hakiondoi lumbesa, hakilipi deni la mbolea. Mwaka jana viliisha kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, na wiki mbili zile zilikuwa ngumu. Mwaka huu tunajaribu kununua mahindi kidogo mwezi wa saba, bei ikiwa chini, kwa fedha ambazo kwaya ilikuwa imetenga kwa ajili ya sare mpya. Tumegombana kidogo. Tutaimba na sare za zamani.

Zamu ya yule mama ilifika mwezi wa tano. Nyumba ilijaa, wengine tukakaa nje kwenye mkeka. Tulisali Rozari, tukasoma Injili ya Dominika inayofuata, tukasema Baba Yetu. Mwanawe alikuwa mbele yangu. Tulipofika kwenye mkate wetu nilimsikia sauti yake, na yangu ikakwama kidogo. Kisha tukaimba, tukaagana, tukaondoka bila chai.

Mungu awabariki.